Nani alianza kumwacha mwenzake?

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu wajumbe wa chama chetu cha wafanyakazi, na wageni waalikwa mliokubali kukaa huku mbele ambako hakuna anayependa kukaa: habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie "kushuka kwa uaminifu wa wafanyakazi, hususan vijana, na athari zake kwa tija". Nilipoisoma niliona kuna hukumu mbili zimepita humo kimyakimya. Ya kwanza, kwamba uaminifu kazini umeshuka. Ya pili, kwamba aliyeushusha ni mfanyakazi. Ya kwanza sina ugomvi nayo. Ya pili ndiyo iliyonitoa nyumbani leo.

Malalamiko yenyewe mnayajua kwa moyo. Kijana anaajiriwa, anafundishwa kazi, mwaka haujaisha kapata pengine penye nyongeza ndogo tu, anaaga. Mwingine hata haagi, anazima simu. Wakubwa wanatikisa vichwa: zamani mtu akiingia kazini alikaa mpaka apewe saa ya ukutani na kiinua mgongo, hawa wa siku hizi hawana subira. Nimeyasikia hayo kwenye meza za majadiliano kwa muda mrefu, na aghalabu anayeyasema ni mkurugenzi mwenye mkataba wa miaka mitatu, aliyetokea kampuni nyingine, na ambaye mkataba ukiisha atakwenda kampuni ya tatu. Huyo hatumwiti msaliti. Tunasema ana uzoefu mpana.

Sasa tuangalie hesabu, maana bila hesabu tutabaki kusutana. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani huwauliza watu wamekaa muda gani kwa mwajiri waliye naye. Mwaka 1983, ukiwapanga wanaume wa miaka 25 hadi 34 kwenye mstari na kumchukua aliye katikati, alikuwa na miaka 3 na kitu kwa mwajiri wake. Siku hizi aliye katikati ana miaka 3 hivi. Hakuna kilichotokea hapo cha kuitishia mkutano. Vijana walihamahama wakati ule, na wanahamahama leo. Nenda sasa kwa baba zao, wanaume wa miaka 55 hadi 64. Mwaka 1983 aliye katikati alikuwa amekaa kwa mwajiri mmoja zaidi ya miaka 15. Miongo mitatu baadaye muda huo ulikuwa umeshuka hadi kwenye miaka 10 hivi. Kwa wanawake picha ni tofauti, na sababu yake nitaigusa mbele.

Kwa hiyo kilichopotea ni ule utulivu wa ukubwani. Zamani kijana alizunguka, akajaribu huku na kule, halafu akafika mahali akatua. Pa kutua ndipo palipopungua. Na wanaume wa miaka 55 hawajaanza kuacha kazi nzuri kwa sababu ya tamaa za ujana.

Nataka turudi nyuma zaidi, kwa wale tunaowaita wazee waaminifu. Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford huko Detroit kilikuwa kimeanza kutumia ule mstari wa kuunganishia magari unaotembea wenyewe. Kazi iligawanywa vipande vidogo sana, mtu anakaza nati ileile kutwa nzima. Watu hawakuvumilia. Waliingia wakatoka, wengine bila kuaga. Mwaka ule, ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000. Hebu mfikirie afisa utumishi wa siku hizo, aliyekuwa akiandikisha majina mapya kila asubuhi kabla wino wa jana haujakauka.

Ford hakuita mhadhiri wa maadili. Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu mara mbili ya ujira uliokuwepo. Umati ukajaa getini kwenye baridi, na kuhamahama kukapungua ghafla. Simwiti malaika. Dola zile zilikuja na wakaguzi wa kwenda majumbani kuangalia kama mfanyakazi anakunywa pombe na kama nyumba yake ni safi. Alikuwa mfanyabiashara aliyepiga hesabu akaona kumbakiza mtu kuna nafuu kuliko kumtafuta mwingine kila wiki. Uaminifu ulikuwa na bei, akailipa, akaupata.

Bei hiyo ilikuja kuandikwa rasmi baadaye. Mwaka 1950 kampuni ya General Motors na chama cha wafanyakazi wa magari, kikiongozwa na Walter Reuther, walisaini mkataba wa miaka mitano. Wafanyakazi wakapata pensheni, bima ya afya, na mshahara unaopanda pamoja na gharama za maisha. Kampuni ikapata miaka mitano bila mgomo mkubwa na uhuru wa kupanga uzalishaji itakavyo. Huko Japani nako kampuni kubwa zilizoea kumchukua kijana akitoka shule na kumweka mpaka astaafu, mshahara ukipanda kadiri anavyozidi kukaa. Ukiwa na miaka 30 humo ndani, kuondoka ni hasara yako mwenyewe. Huo ndio uaminifu ambao leo tunaukumbuka kama tabia njema.

Ila wanaozililia zama zile wasisahau nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje. Mwanamke wa Kijapani alitarajiwa kuacha kazi akiolewa, na kwingineko wanawake walisukumwa nje wakipata mtoto, ndiyo maana takwimu zao za kukaa kazini hazikushuka kama za wanaume: hazikuwahi kupanda. Katika viwanda vya magari Marekani, wafanyakazi weusi walipangwa kwenye tanuri za kuyeyushia chuma, penye joto na moshi, na kazi za ufundi zikabaki za wengine. Na kwa sehemu kubwa ya dunia mkataba wa namna ile haukufika kabisa. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2, zaidi ya nusu ya wote wanaofanya kazi duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Hao hawawezi kuomboleza walichopoteza, maana hawakupewa.

Hata waliokuwa ndani, wengi walikuwa wameshika ahadi tu. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, katika jimbo la Indiana. Wafanyakazi walikuwa na mfuko wa pensheni, umesainiwa, una mihuri yote. Ulipofunguliwa, fedha hazikutosha. Waliofikisha miaka 60 wakalipwa haki yao. Wa miaka 40 hadi 59 waliokuwa wametimiza masharti, watu wapatao 4,000, wakapewa kama asilimia 15 ya walichotarajia. Wenye umri chini ya hapo hawakupata kitu. Katika kundi lile la katikati mlikuwa na watu waliotumikia zaidi ya miaka 20, waliokataa kazi kwingine kwa sababu ya pensheni ile. Ilichukua Bunge la Marekani hadi mwaka 1974 kutunga sheria ya kulinda mifuko hiyo. Nasisitiza tarehe hizi kwa sababu mara nyingi tunaambiwa mambo yaliharibika juzi, na kwamba kabla ya hapo mwajiri alikuwa mzazi. Pale mwajiri alipoonekana mzazi, palikuwa na chama chenye nguvu upande wa pili wa meza, na baadaye sheria.

Ni nini kilibadilika basi? Mengi, lakini nitakaa kwenye moja, maana ndilo linalotuhusu.

Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman aliandika katika New York Times kwamba wajibu wa kijamii wa kampuni ni kuongeza faida. Wengi walikuwa wakiamini hivyo kimoyomoyo, yeye akawapa ruhusa ya kulisema hadharani. Mwaka 1981 Jack Welch alishika uongozi wa kampuni ya General Electric, na ndani ya miaka michache wafanyakazi zaidi ya laki moja walikuwa wametoka kwenye orodha ya malipo. Baadaye akaeneza utaratibu wa kuwapanga watu kwa madaraja kila mwaka na kuwaondoa asilimia 10 wa mwisho. Hebu litazameni hilo vizuri. Idara ikiwa na watu 10 na wote wamefanya kazi vizuri, mmoja bado atakuwa wa mwisho. Unamfundishaje kazi mwenzako ukijua akikupita wewe ndiye utakayeondoka? Kampuni nyingi ziliiga. Kampuni ya kompyuta ya IBM, iliyojivunia kwa miongo mingi kutompunguza mtu kwa sababu ya uhaba wa kazi, ilifika mwaka 1993 ikauzika utamaduni huo.

Halafu lipo suala la malipo ya wakubwa. Mwaka 1982 mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani ilitoa kanuni iliyozipa kampuni kinga zikinunua hisa zake zenyewe sokoni kwa masharti fulani. Kabla ya hapo, ukifanya hivyo kwa wingi ulijiweka kwenye hatari ya kushtakiwa kwa kuchezea bei. Inavyofanya kazi ni hivi: kampuni ikinunua hisa zake, zinazobaki mikononi mwa watu zinapungua, na bei ya kila moja inaelekea kupanda. Mkurugenzi mtendaji naye siku hizi sehemu kubwa ya malipo yake ni hisa. Sasa mpe mtu huyo fedha za ziada, umuulize azipeleke wapi: kwenye mafunzo ya mafundi, yatakayozaa matunda baada ya miaka saba, yeye akiwa kampuni nyingine? Au kwenye hisa, ambazo zitapanda kabla robo ya mwaka haijaisha? Hahitaji kuwa mtu mbaya ili achague la pili. Kwa hesabu za watafiti wa Economic Policy Institute, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, mwaka 1965 mkurugenzi mtendaji wa kampuni kubwa Marekani alipata takriban mara 20 ya mfanyakazi wa kawaida. Miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka kwenye mara 300.

Lakini ndugu wajumbe, mshahara sio uliotuumiza zaidi. Najua mtashangaa kusikia hivyo kutoka kwa mtu wa chama. Ngojeni niwaeleze.

Mwaka 2017 gazeti hilohilo la New York Times liliwaweka bega kwa bega wanawake wawili wafagizi. Mmoja alifagia katika kampuni ya Kodak mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwingine alikuwa akifagia kwenye makao makuu ya Apple. Ukiondoa mfumuko wa bei, ujira wao kwa saa ulikaribiana sana. Ukiishia kwenye hati za mshahara utasema hakuna kilichobadilika.

Yule wa Kodak alikuwa mwajiriwa wa Kodak. Alikuwa na likizo yenye malipo, alipata bonasi kila mwaka, na kampuni ilimrudishia ada ya masomo ya jioni. Jengo alilokuwa akifagia lilipofungwa, alitafutiwa kazi nyingine humohumo. Kuna bosi aliyegundua kwamba mfagizi huyu anajua kutumia programu za kompyuta, akampa kazi ya kuwafundisha wengine. Alipomaliza chuo alihamishiwa upande wa teknolojia. Miaka michache baadaye alikuwa mkuu wa teknolojia wa kampuni nzima.

Yule wa Apple hakuwa mwajiriwa wa Apple. Aliajiriwa na mkandarasi wa usafi. Likizo alikuwa hajaenda kwa miaka, kwa sababu haikulipwa. Bonasi hakuna, ada ya masomo hakuna. Cheo kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimoja, kusimamia wafagizi wenzake kwa nyongeza ya senti 50 kwa saa. Hata angekuwa na akili mara mbili ya yule wa Kodak, hakuna bosi wa Apple ambaye angekuwa na sababu ya kulijua jina lake. Kwenye vitabu vya Apple yeye ni ankara inayolipwa kila mwezi.

Ngazi ndiyo iliyoondolewa. Mshahara wa chini upo kama ulivyokuwa, ghorofa ya juu ipo na imezidi kupambwa, katikati hakuna pa kukanyaga. Halafu tunamshangaa aliye chini kwa nini haonyeshi moyo wa kupanda.

Msidhani ni usafi tu. Ni ulinzi, chakula, usafirishaji, huduma kwa wateja kwa simu, uhasibu, hata uandishi wa programu. Machi 2019 Google ilikuwa na wafanyakazi wa muda na wa wakandarasi wapatao 121,000, wakati waajiriwa wake wenyewe walikuwa 102,000. Wanakaa ofisi moja, na kinachowatenganisha ni rangi ya kitambulisho shingoni: nyeupe kwa mwajiriwa, nyekundu kwa wa mkandarasi.

Ninyi mlioko kwenye kazi za namna hii mnajua inavyokwenda zabuni ikibadilika. Mkataba wa mkandarasi unaisha, inatangazwa zabuni mpya, anashinda aliyeweka bei ya chini. Katika usafi na ulinzi karibu gharama yote ni watu, kwa hiyo bei ya chini maana yake ni watu walipwe kidogo au wawe wachache. Mkandarasi mpya anafika, hana watu, anawaita walewale wa zamani. Wanajaza fomu upya, wanapigwa picha upya, wanawekwa kwenye kipindi cha majaribio. Majaribio ya nini? Nimemwona mtu aliyefagia korido moja miaka mingi, mafundi wa jengo wakipotea wanamuuliza yeye swichi iko wapi, lakini kwenye karatasi ana miezi minane ya utumishi. Likizo yake ya ugonjwa inahesabiwa kuanzia hapo, na siku akipunguzwa mafao yake nayo yataanzia hapo. Baada ya haya yote anakuja mtu na kipaza sauti anamwambia awe mwaminifu. Kwa nani? Kwa jengo?

Japani wamepita njia hiyohiyo, na kwao ilionekana wazi zaidi kwa sababu ahadi yao ilikuwa kubwa zaidi. Sheria yao ya mawakala wa kupeleka wafanyakazi ilitungwa mwaka 1985 kwa kazi chache, ikalegezwa mwaka 1999, na mwaka 2004 viwanda vikaruhusiwa. Wasio waajiriwa wa kudumu walikuwa kama mmoja kati ya watano mwaka 1990, leo ni zaidi ya theluthi. Mdororo wa mwaka 2008 ulipofika, viwanda viliwarudisha wafanyakazi wa mawakala kwa wenyewe, na kwa kuwa wengi waliishi kwenye mabweni ya kazini, kazi na nyumba viliondoka siku moja. Mkesha wa mwaka mpya wanaharakati na vyama vya wafanyakazi walifunga mahema katika bustani ya Hibiya, katikati ya Tokyo, hatua chache kutoka Wizara ya Kazi, wakagawa chakula na kutoa ushauri wa kisheria. Walifika watu wapatao 500. Siku chache kabla walikuwa wakiunganisha magari na vifaa vya elektroniki vinavyouzwa dunia nzima.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, na Mwenyekiti anivumilie nikipandisha sauti. Waajiri haohao wanaosema uaminifu umekufa wamekuwa wakijaribu kuupata bila kuulipia. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilizishtaki Apple, Google, Intel, Adobe na nyingine kwa sababu zilikuwa zimekubaliana chini kwa chini kutochukuliana wahandisi. Wafanyakazi walipofungua kesi yao, kampuni hizo nne zilikubali kulipa dola milioni 415, malipo yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2015. Hao ni wahandisi, wenye mishahara minono. Shuka chini: msururu wa maduka ya sandwichi wa Jimmy John's ulikuwa ukiwasainisha wafanyakazi wake makubaliano ya kutokwenda kufanya kazi kwa washindani, mpaka wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na Illinois walipoingilia na sharti hilo likaondolewa mwaka 2016. Mtu anapaka siagi kwenye mkate, anazuiwa kwenda kupaka siagi mtaa wa pili. Siri gani ya biashara anayoibeba huyo?

Wengine hawana haja ya kumfunga mtu, wanakana tu kwamba ni mfanyakazi wao. Madereva wa Uber nchini Uingereza walihangaika mahakamani kwa miaka, ngazi hadi ngazi, hadi Februari 2021 Mahakama ya Juu iliposema ni wafanyakazi, wanastahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Kampuni ilikuwa inapanga nauli, inapima nyota za dereva, inaweza kumfungia akaunti, halafu inasema yeye ni mfanyabiashara huru.

Matokeo ya yote haya kwa maisha ya mtu wa kawaida yamepimwa. Mchumi Raj Chetty na wenzake walilinganisha kipato cha watoto na cha wazazi wao Marekani. Kati ya waliozaliwa mwaka 1940, takriban 90 kwa kila 100 walikuja kuwazidi wazazi wao. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980 ni kama 50. Kurusha sarafu, basi. Mzazi akimwambia mwanawe "fanya bidii, tulia kazini, utafika", anamweleza yale aliyoyaona yeye. Mtoto naye anaangalia anayoyaona yeye. Wakigombana mezani, mimi nadhani wote wawili wanasema kweli.

Nitaambiwa hili haliepukiki: ushindani wa dunia, mashine, ndivyo uchumi ulivyo. Kuna ukweli humo, na chama kinachojifanya hakuna mashine kitajikuta kinazilinda ofisi tupu. Lakini angalieni Ujerumani mwaka 2009. Uchumi wao ulisinyaa kwa asilimia 5 na zaidi, anguko kubwa kuliko la Marekani mwaka ule. Waajiri wengi hawakufukuza watu, walipunguza saa za kazi, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Kilele chake watu zaidi ya milioni moja walikuwa kwenye mpango huo. Ukosefu wa ajira haukupanda sana, na oda ziliporudi viwanda vilikuwa na mafundi wao tayari. Ushindani wa dunia walikuwa nao, mashine walikuwa nazo nyingi kuliko sisi. Ila sheria yao ya mwaka 1976 inawapa wafanyakazi nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi ya kampuni zenye watu zaidi ya 2,000. Wakati wa kuamua nani aumie, aliyetarajiwa kuumia alikuwa chumbani.

Vijana mliomo humu, sitawaambia mkae mlipo na sitawaambia mwondoke. Anayewaambia muwe waaminifu kwa kampuni aulizwe kampuni imeandika nini upande wake. Someni mkataba muone nani amesaini kama mwajiri, maana wengi mnadhani mmeajiriwa na jina lililo juu ya geti. Angalieni makato ya pensheni kwenye hati ya mshahara, kisha nendeni kwenye mfuko wenyewe kuhakiki kama yamefika. Kukatwa na kuwasilishwa ni vitu viwili. Na bosi akisema "sisi hapa ni familia moja", mwitikieni kwa heshima, halafu mwombeni aliweke hilo kwenye kifungu cha kusitisha ajira.

Kwenu wajumbe, nina maneno magumu kidogo. Chama nacho kilishiriki. Kila mara mwajiri alipotaka kutoa idara nje, tulijadiliana kuhusu waliobaki ndani, tukawapatia nyongeza, tukapiga picha ya pamoja. Waliotolewa nje hatukuwaita tena mkutanoni kwa sababu ada zao zilikuwa zimekoma. Tulilinda wanachama, hiyo ni kazi yetu, lakini kila mwaka wanachama wa kulinda walizidi kupungua, na mwajiri alikuwa akituhesabu.

Ndiyo maana naleta hoja hii mahsusi kwa ajili ya rasimu ya madai. Mkandarasi akibadilika, miaka ya utumishi ihame na mtu. Hatuombi mwujiza. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo la kulinda haki za wafanyakazi biashara inapohamia kwa mmiliki mwingine tangu mwaka 1977, na kanuni za Uingereza za mwaka 2006 zinataja waziwazi hata hali ambapo huduma kama ya usafi inatoka kwa mkandarasi mmoja kwenda kwa mwingine: mfanyakazi anahama na mkataba wake na miaka yake. La pili, kila nafasi inayotangazwa ndani itangazwe pia kwa wafanyakazi wa wakandarasi waliomo kwenye jengo, na wakiomba washindanishwe kama watu wa ndani. Likipita hilo, mwajiri atalazimika angalau kuyajua majina yao.

Katibu ana nakala za hoja pale kwenye meza ya kushoto. Wajumbe wa usafi na ulinzi mko wachache sana humu, na wawili kati yenu nimewaona mmesimama mlangoni na sare zenu kwa sababu zamu inaanza saa nne. Mwenyekiti, naomba hao wapewe nafasi ya kwanza ya kuuliza maswali kabla hawajaondoka.